Kinyiha Hakiingii Kwenye Muhtasari

Siku ya kwanza kazini nilivaa sketi ya shule, maana nyingine ya maana sikuwa nayo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na mwandiko wangu mzuri ndio ulionipa kazi: mwandishi wa mikutano ya kijiji chetu hapa Mbozi. Leo nina miaka kumi na tisa na nimeshastaafu. Nitaieleza kazi hii kama wazee wanavyoeleza za kwao, ila mimi nina hasira na siwezi kujifanya sina.

Kazi yenyewe ni hivi. Kwanza unapitisha karatasi ya mahudhurio, kila mtu anatia sahihi au dole gumba. Halafu unaandika muhtasari, yaani kilichosemwa na kilichoamuliwa. Unapigwa muhuri, unapelekwa wilayani. Huko wakiuona, wanajua wananchi wameshirikishwa.

Bosi wangu alikuwa Mtendaji wa Kijiji, mgeni kwetu, mtu wa suti hata kwenye vumbi. Siku ya mkutano wa zahanati alikuja na Afisa Mipango. Walitaka ijengwe bondeni, karibu na barabara, ili magari ya wageni yafike. Bibi yangu akasimama. Kiswahili chake ni cha kusalimia na kununulia chumvi tu, kwa hiyo akasema kwa Kinyiha: "Pale ndipo tulipochimba udongo wa vyungu, masika moja ng'ombe wa baba yangu alizama mpaka pembe, jengeni juu, kwenye kahawa." Wanawake wakapiga vigelegele.

"Bibi anasemaje?" Afisa Mipango akauliza.

"Anashukuru," akajibu Mtendaji, ambaye Kinyiha hajui hata neno. Kisha akaniinamia. "Binti, andika Kiswahili tu. Kilugha hakiingii kwenye muhtasari."

"Lakini Mtendaji, amesema pale pana..."

"Umenisikia?"

Mimi nina aibu, mbele za watu sauti inakauka kabisa. Nikaandika: Wananchi waliridhia kwa kauli moja. Maneno ya Bibi niliyaandika nyumbani, kwenye daftari hili hili ninaloandikia sasa.

Masika yakaja. Zahanati mpya ikapasuka kuta, chumba cha kujifungulia kikadidimia kabla hakijapokea mzazi hata mmoja. Dada yangu Tumaini alishikwa na uchungu, tukampakia kwenye pikipiki kumpeleka hospitali ya mbali. Alijifungulia njiani kwenye matope. Mtoto tulimzika kabla hajapewa jina.

Afisa Mipango akarudi, muhtasari mkononi. "Lawama za nini? Mliridhia wenyewe. Haya, nani aliandika hapa?"

Watu wote wakanigeukia. Tumaini naye.

Nikalitoa daftari. Nilisoma maneno ya Bibi mbele ya kijiji kizima, nalia, lakini nilisoma mpaka mwisho. Afisa Mipango akalichukua, akaligeuza mbele na nyuma, akanirudishia.

"Hili halina muhuri, binti."

Nikastaafu pale pale.

Sasa nawasikia redioni wanasema wananchi hawajitokezi kutoa maoni. Jamani! Bibi alijitokeza. Alisema mapema, alisema vizuri, aliwaonyesha hadi mahali pa kujenga. Mlikuja kuchukua sahihi zetu, siyo maneno yetu.

Mkutano ujao Bibi ameapa kusimama tena. Mwandishi mpya ameletwa kutoka Tunduma, kijana mpole, Kinyiha hakijui kabisa. Safari hii hakuna atakayehitaji kumwinamia.