Akriliki Hukatwa, Haisuguliwi

Asubuhi ile ya mwezi wa Shaabani bado naikumbuka, mwanangu, nilipokaribia kuichoma nyumba ya mamangu kwa sababu ya uangalifu. Naam, uangalifu. Kaa kitako nikueleze, maana nimesikia nawe umenunua mashine kama yangu, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Marehemu babangu alikuwa mchonga milango hapa Kibokoni, naye aliniachia karakana ya chini ya nyumba, patasi zake na jina zuri. Mimi, kijana wa kisasa, nikazitia patasi sandukuni, nikanunua mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, hii ambayo nyinyi mwaiita CNC. Ni meza, na juu ya meza ni mota inayotembea, na kwenye mota ni biti, yaani kile kisu chembamba kinachozunguka. Mbao niliziweza upesi. Nikachonga vibao vya majina na rehali za misahafu, watu wakasifu, kichwa kikavimba.

Kisha wakaja kina mama wa msikiti wetu wa mtaani. Walitaka mabamba mawili ya akriliki, ile plastiki ngumu ing'aayo kama kioo, yachongwe nakshi ya matundu yawe sitara upande wao wa kusalia, kabla ya Ramadhani. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza itakayotazamwa na mtaa mzima. Nikasema "Inshallah" kifua mbele, na akriliki sijawahi kuikata hata kipande cha ukubwa wa kiganja. Mwenye macho haambiwi tazama, husema wazee. Mimi macho nilikuwa nayo, ila sikutazama.

Sasa sikiza kosa langu. Nilijiambia: bamba hili likipasuka nimeaibika, na haraka haraka haina baraka. Basi nikaiweka mota izunguke kwa kasi yake yote, nikidhani kisu kikizunguka mbio ndipo kikatapo safi, kisha nikaiamuru isonge mbele kwa mwendo wa kobe. Biti lenyewe lilikuwa lile lile la mbao, la meno mawili, lililokwisha kupoteza makali yake kwenye mninga. Chini ya meza kumejaa unga wa mbao wa wiki nzima. Nikabonyeza, nikaona yaenda, nikatoka nje kuketi barazani na wenzangu.

"Kazi yafanyika, nami nanywa kahawa," nikawaambia. Wakacheka. Nami nikacheka kuwashinda.

Kikombe cha pili sijakimaliza, nikasikia sauti ya mamangu kutoka dirisha la juu. Mama alikuwa na magoti mabovu. Ngazi hazishuki mpaka ashikwe mkono.

"Athumani we! Wachoma nini huko chini?"

Nilikimbia. Akriliki ilikuwa imeyeyuka, ikaligandama biti, ikawa donge mfano wa kaimati, na donge lile bado lazunguka, lasuguana na ubao uliolazwa chini ya bamba. Ubao umeungua, makaa yake yamedondoka kwenye unga wa mbao. Unga wafuka moshi, na ulimi wa moto umeanza kulamba mguu wa meza. Dari ya karakana ile ni boriti, mwanangu, miti mikavu ya tangu enzi za babu zetu. Na juu ya boriti zile alikuwa mamangu.

Nikazima umeme ukutani. Nikanyakua gunia, nikalichovya katika pipa la maji, nikaufunika moto, nikachovya tena, nikafunika tena, hata pakawa moshi mtupu. Nikapanda juu. Mama hakunigombeza. Alisema neno moja tu:

"Babako alichonga humu maisha yake yote, wala hakuniletea moshi."

Heri angenizaba kofi.

Alasiri akaja Mzee Kazungu kutoka mtaa wa Tudor, kumjulia mama hali. Alikuwa sahibu ya babangu, Mkristo mcha Mungu, aliyekereza vyuma kule Shimanzi mpaka akastaafu. Alinusa mlangoni, akaingia karakana bila kuuliza. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaliokota lile donge.

"Maranda yako yako wapi?" akaniuliza.

"Maranda gani, mzee?"

"Fundi akikata, hutoka maranda. Hapa naona uji ulioganda. Wewe hukukata, umesugua."

Nikajitetea kwa methali. Nikamwambia nilikwenda polepole kwa kuogopa kuharibu, kwani haraka haraka haina baraka. Akanitazama mpaka nikainamisha uso.

"Methali hiyo waliambiwa watu, hawakuambiwa visu," akasema. "Kisu kikizunguka mbio nacho hakisongi, jino hupita pale pale na halili kitu. Huko ni kupekecha moto kwa kijiti. Joto la kukata huondoka na maranda, Athumani. Jino likiuma tonge la haja, tonge lile huruka na joto lake. Likilamba tu, joto husalia, na plastiki haina subira na joto."

Siku ya pili alirudi, akanisimamia. Tulifagia unga wote kwanza. Tukatia biti jipya la jino moja, kwani jino likiwa moja maranda hupata nafasi ya kutoka. Tukaishusha kasi ya mota hadi chini kabisa, tukajaribu kwenye kipande cha lile bamba lililoharibika.

"Ongeza mwendo wa kusonga," akasema. Nikaongeza. "Ongeza, usiogope."

Nikaongeza tena, na mara maranda yakaanza kuruka, meupe, makavu, kama chumvi ya mawe. Akayapokea kiganjani, akanimiminia kwenye changu. Hata vuguvugu hayakuwa. Nilicheka, mtu mzima mimi, kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyepewa ruhusa ya kwenda kucheza.

Kina mama niliwaendea nikawaeleza ukweli wote, na bamba jingine nikanunua mwenyewe. Sitara iliwahi. Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani tulimshusha mama, akaenda kusali nyuma ya sitara ile. Aliporudi aliniambia, "Matundu yako yapitisha upepo mzuri." Sikuomba sifa zaidi ya hiyo.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Woga usiuite uangalifu. Ukikata akriliki, biti liwe kali na la jino moja, mota izunguke taratibu, mwendo wa mbele uwe wa kutosha jino kuuma. Usizamishe kisu chote kwa mpigo mmoja. Kata tabaka kwa tabaka. Puliza upepo njiani maranda yasirudi kusagwa, na biti lisisimame likizunguka mahali pamoja. Akriliki nazo si sawa: iliyomiminwa kwenye kalibu huvumilia, ile rahisi iliyosukumwa kwa mtambo huyeyuka mapema, basi uliza kabla ya kununua. Jaribu kwenye kipande cha kutupwa, uyaguse maranda, usikilize sauti. Biti likianza kulia, zima. Fagia. Na mashine ikiwa yakata, usiiache peke yake hata kwa kikombe kimoja. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usilifiche donge. Mwonyeshe anayejua.

Mola akupe riziki ya halali, akupe mzee wa kukukanya na masikio ya kumsikiza, na akuzeeshe kwenye ufundi wako ukiwa na vidole vyako vyote kumi. Amin.