Nati ya Juu, Nyuma Kushoto

Pale gereji tulimwita Kijiko kwa sababu mkono wake uliingia mahali ambapo mikono ya wengine iligoma. Mwili ni wa mtu mzima wa kawaida, mwenye watoto wawili na upara unaoanza, ila viganja alipewa vya msichana wa darasa la nne. Vyangu mimi ni makafi.

Yale magari ya zamani ya kupandia milima waliyaunda watu ambao hawakuwahi kulala chini yake. Shokapu za nyuma zimefungwa juu kabisa, kati ya chasi na tangi la mafuta, na nati yake huioni, unaipapasa tu. Spana ikiingia, mkono hauingii. Mkono ukiingia, spana inakataa kuzunguka. Kutu nayo imekaa humo kuliko tulivyokaa sisi gereji.

"Wengine wanatoboa bodi za magari ya watu ili waifikie," bosi alizoea kuwaambia wateja. "Sisi tuna huyu." Kisha anamwita Kijiko aonyeshe mkono. Kwa kumvika mtu kilemba cha ukoka, bosi hana mpinzani. Ni mume wa dada mkubwa wa Kijiko. Alimchukua akiwa na miaka kumi na minane, akamlisha, akamtafutia chumba. Ukishakula kwa shemeji namna hiyo, kukataa kunakwama kooni. Miaka kumi na tisa Kijiko alilala chali sakafuni, na injini anaijua kuliko bosi. Ndiye aliyenifundisha mimi, taratibu, bila tusi hata moja, na mimi ni mzito wa kuelewa.

Ndipo chuo cha ufundi kikamwita kwenye usaili wa ualimu. Aliniambia mimi peke yangu. Siku yenyewe alikuja na shati safi, akalitundika nyuma ya mlango wa stoo. Usaili ulikuwa saa nane mchana.

"Umeshamwambia shemeji yako?" nilimuuliza.

"Nikimaliza hii nati."

"Wiki jana ulisema hivyo hivyo."

"Hii ndiyo ya mwisho, kaka. Niachie bwana."

Ilikuwa nati ya juu, nyuma kushoto. Aliingia chini ya gari saa tano. Saa sita kasoro nati ikatii ghafla, spana ikaruka, ikambana vidole viwili kwenye bamba la sakafu ya gari.

"Kaka," aliita kwa sauti ndogo, "nimenasa."

Niliingia chini nikajaribu kumfikia, mkono wangu ukaishia kwenye kifundo cha mkono wake. Tukamwaga oili, wapi. Tangi halikuweza kushushwa, maana bolti zake zilikuwa nyuma ya bega lake yeye. Bosi akaja, akainama.

"Tulia, shemeji. Huko juu unakujua wewe. Jigeuze kidogo, utatoka."

"Siwezi kujigeuza."

"Jaribu tu."

Alijaribu nusu saa nzima. Vidole vilikuwa vinavimba. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni, kwa kuwa alilala chali, na mkono wa pili haukuwa na nafasi ya kuyafuta. Kila mara aliniuliza saa ngapi.

"Saa sita na nusu," nilisema. Kisha nikasema saa saba kasoro robo, na hapo hasira zikanipanda.

Nilifungua sanduku langu, nikatoa tindo na nyundo, nikapanda kwenye buti na kung'oa zulia.

"We!" bosi alifoka. "Hilo gari la watu!"

"Na huyu ni wa nani?"

Mafuta tulishayatoa tangini asubuhi. Nikalowesha bamba kwa maji kwa kuogopa cheche. Kijiko akanielekeza kutoka chini, akigonga kwa kidole gumba, sauti ile ile ya kunifundishia. "Sogea kulia. Hapo. Polepole, kaka." Nikakata pande tatu, nikalikunja bamba kama mfuniko wa kopo. Vidole vikaonekana, grisi na damu tupu. Nikaisukuma spana kwa bisibisi, mkono ukateremka. Kazi yote haikuzidi dakika kumi.

Bosi hakumwangalia. Alikuwa anachungulia tundu. Akaingiza kiganja chake kinene, akaishika nati, akaizungusha mpaka ikatoka.

"Kumbe rahisi hivi!" alisema, akacheka peke yake.

Kijiko alisimama, vidole vimefungwa kitambaa. "Shemeji, naomba ruhusa. Nina usaili chuo cha ufundi saa nane. Nikipata, sirudi."

"Nenda tu," bosi alijibu, kichwa bado kimo ndani ya buti.

Nilidhani atafurahi. Badala yake uso ulimshuka, akabaki kasimama kama mtu aliyesahau alichofuata. Miaka kumi na tisa aliogopa kuuliza.

Nilimvuta mpaka stoo, nikamvisha lile shati, maana vifungo asingeviweza.

"Kaka," aliniuliza nilipofika kifungo cha mwisho, "hii tindo umeinunua lini?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilimwambia kweli: ninayo tangu siku ya kwanza niliyoanza kazi pale.

Aliitikia kwa kichwa. Akatoka kwa haraka, ameushika mkono wake kifuani, wala hakuniaga.