Jezi Nyeupe za Bwana Mathe

Berthe alikuwa mfuaji wa nyumba ya biashara ya Mathe pale Butembo, na maisha yake yote hakuwahi kumpigia mtu wa siasa vigelegele. Alifua mashuka ya wageni wa Mathe, patroni wake, na kombinezoni za kazi za vijana wa depo, yaani ghala lake. Juu ya hayo alifua jezi za timu ya mpira, ambayo Mathe aliilisha kama wengine wanavyolisha ng'ombe, kwa fahari na kwa kungoja maziwa. Mume wa Berthe alipokufa, ndugu zake walichukua shamba lote la Luofu. Walimwachia mwana mmoja tu, Maliro, kwa sababu yeye hakulimika. Mathe akampa Berthe chumba nyuma ya depo, akampa Maliro kazi ya kubeba marobota ya vitenge, halafu unahodha wa timu. Watu walisema mama huyo ana bahati. Berthe aliwaacha waseme, maana bahati yenyewe ilianza kabla jogoo hajawika na ilimtoa ngozi za vidole.

Ulikuwa mwaka wa pili wa ile vita ya pili ya Kongo. Waasi walioshika miji yetu walijiita Mouvement, yaani Harakati, na baada ya muda mfupi wakubwa wao wakagombana kama warithi juu ya kaburi bichi. Upande mmoja ukakaa Beni ukajichagulia rangi ya bluu. Upande mwingine ukabaki Butembo ukachukua kijani. Sisi Wanande, kabila la miji yote miwili, wa huku na wa huko tumeoana na kuzikana tangu zamani, lakini sasa mtu aliulizwa rangi yake kabla ya kuulizwa habari za nyumbani. Kwenye matanga ya mke wa fundi baiskeli, bwana mmoja alisimama mbele ya jeneza akaeleza ubaya wa watu wa Beni mpaka jua likahama, na wafiwa wakapiga makofi kwa kuwa askari walikuwa mlangoni.

Depo nayo haikupona. Syauswa, karani wa stoo aliyekuwa hajulikani hata kwa mbwa wa mlinzi, akafanywa mobilizateri, mhamasishaji wa kijani. Kila asubuhi aliwapanga wafanyakazi uani, wapaze sauti kuusifu upande wa kijani kabla mlango haujafunguliwa. Mpishi mmoja alirudishwa nyumbani kwa sababu ya kitenge chake cha bluu.

"Mais chef, ni ya ndoa yangu," mama yule alilia.

"Basi ndoa yako iko ya Beni," Syauswa akamjibu, na watu wakacheka kwa woga.

Kisha ikaja habari ya mechi ya amani. Timu ya Mathe ingecheza na timu ya Beni, Jumapili baada ya misa, na wakubwa wa kijani wangetoa hotuba. Mathe aliagiza jezi mpya kutoka Dubai, nyeupe tupu, ili asigombane na mtu. Vijana hawakuweza kuvumilia. Siku ya Ijumaa walizivaa mazoezini, mvua ikawakuta uwanjani, wakarudi nazo zote zimejaa tope jekundu.

"Mama, usitukane," Maliro alisema, akiwa amebeba rundo lote mikononi. "Ni ile tope njo ilitupenda."

"Tope imekupenda, na mugongo wangu njo itakufa. Weka pale, mukubwa wa bure."

Berthe alikwenda sokoni kwa Hadidja, muuza sabuni, mama wa Kiislamu mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi. Akaomba sabuni ya mche na bluu ya kufulia, ule unga ambao mama zetu hufunga katika kitambaa na kuutikisa ndani ya maji ya mwisho ili nguo nyeupe ing'ae. Hadidja aliutoa chini ya meza, chini ya gunia.

"Sasa hata bleu ya nguo unaficha?" Berthe akamuuliza.

"Mama Maliro, yule Syauswa wenu alipita hapa jana. Alisema hii rangi imekatazwa. Nikamuambia, hata mbingu? Akasema ataona."

"Nguo ikipita mu bleu inakuwa nyeupe. Haina chama."

"Enda umuambie yeye. Mimi ninauza tu."

Jumamosi asubuhi Berthe alisugua jezi zile mpaka tope likatoka. Akazitia katika beseni la bluu, zikae kidogo tu, kwa muda wa kuosha ndoo. Hapo ndipo Mathe mwenyewe alipoingia uani, bila koti, na uso wake umekauka.

"Mama Berthe, acha hiyo. Kuna bageni. Utapika na kuwahudumia wewe peke yako."

"Patron, niko na nguo mu maji."

"Nguo haina miguu. Njoo."

Gari liliingia kwa mlango wa nyuma na Mathe akaufunga kwa ufunguo wake. Wageni walikuwa wanaume wanene, wamevaa mashati ya kawaida, lakini Berthe alizijua sauti. Walisema "kwetu Beni" kila baada ya tonge. Walikula kuku na bugali, wakanywa bia, wakazungumza na Mathe juu ya mpaka wa Uganda pale Kasindi na malori yake yatakavyopita huko. Berthe aliomba mara nyingi atoke kidogo. Mathe alitikisa kichwa bila kumtazama. Alipofunguliwa, kiza kilikuwa kinaingia na jezi zimekunywa bluu tangu asubuhi.

Alizibeba mpaka mto Kimemi. Alizisuuza, akazikamua, akazisuuza tena mpaka mikono ikafa ganzi. Hakukuwa na jua la kuzianika, kwa hiyo alizitandaza juu ya mbabula, jiko la makaa, chumbani, kama tunavyofanya wote katika baridi yetu ya mvua. Kwa mwanga wa makaa zilikuwa nyeupe. Asubuhi, mawingu yakiwa yamekalia milima, zilikuwa nyeupe bado. Maliro alizichukua, akambusu mamake kichwani, akaenda misa akipiga mluzi.

Jua lilitoka wakati timu inaingia uwanjani.

Berthe alikuwa amesimama nyuma ya goli pamoja na Hadidja. Aliona rangi ile ikitoka kwenye vitambaa kama jasho: bluu ya anga, laini, safi, katika kila mgongo. Watu waliokuja na malori kutoka Beni waliinuka wote pamoja. "Ni batu betu! Bamerudi kwetu!" Wakacheza, wakapunga vitambaa. Upande wa pili ukajibu kwa matusi, halafu kwa mawe. Komanda wa kijani alikuwa jukwaani, katikati ya hotuba juu ya umoja, na kipaza sauti kikawa kinalia peke yake.

"Capitaine wa hii timu ni nani?" komanda aliuliza.

Maliro akasogea. Alikuwa mtoto wa kucheka, na siku ile pia alicheka. Akavua jezi yake na kuinyoosha mbele. "Commandant, pole. Hii hapana politike. Mama alizidisha bleu tu."

Askari mmoja akampiga na kitako cha bunduki mdomoni. Wakampandisha ndani ya jeep, mgongo wazi, damu ikimtiririka kidevuni. Berthe alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Jeep haikumngoja.

Alimkuta Mathe nyumbani kwake, amekaa chini ya picha ya Bikira Maria, bila soksi.

"Patron, ni wewe ulinifungia. Unajua. Enda uwaambie zile nguo zilikaa mu maji juu ya bageni bako."

Mathe akainuka akafunga dirisha. "Sema polepole! Ukitaja bale bageni, mimi nimekufa, depo inafungwa, na batoto ba batu bote banalala njaa. Maliro naye hatatoka. Mais ukinyamaza, mimi nitamutoa. Niko na njia."

"Unaapa?"

"Huyu hapa," akaonyesha picha ukutani. "Mbele yake. Wiki hii hii."

Berthe akanyamaza. Hakuwa mjinga. Hakujua kusoma, lakini alijua kwamba neno lake mbele ya komanda lingekuwa neno la mfuaji, na neno la Mathe lingekuwa la mwenye malori. Kama mtu mwenye malori amekubali kusema kwa ajili ya mwanao, utamchomea nyumba kwa faida gani?

Jumatatu wafanyakazi walipangwa uani kama kawaida. Safari hii hakusema Syauswa. Alisema Mathe, amevaa kofia ya kijani ambayo bado ilikuwa na mkunjo wa dukani.

"Ndani ya nyumba hii," alisema, "kuna mutu alikula mukate wangu na kunywa bleu ya Beni. Mimi ni mufanyabiashara, sijue mambo ya siasa. Lakini usaliti, hapana! Mu maison yangu, hapana!"

Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Wanawake waliokuwa karibu na Berthe walijisogeza, mmoja huku, mwingine kule, mpaka akabaki na nafasi yake kama mti uliochomwa. Kabla ya adhuhuri Syauswa alikuwa ametoa godoro lake nje.

"Chef Syauswa," Berthe alimwambia, "hata wewe nimekufulia chupi."

"Ndiyo maana zinaniwasha," akajibu. Vijana wa depo wakacheka. Walikuwa wale wale waliocheza mpira na Maliro.

Hadidja akampa pembe ya chumba chake. Kutoka huko Berthe alipeleka sombe, majani ya muhogo, kwenye kambi, ambako watu walifungwa ndani ya kontena la chuma. Askari walipokea sufuria, wakala mbele yake, wakamrudishia ikiwa tupu. "Mama na ngai, mama yangu, sombe yako ni tamu," walimwambia. Mara moja alisikia sauti ya Maliro toka ndani ya chuma, imebadilika kwa ajili ya meno yaliyong'oka. "Mama, patron alisema nini?"

"Alisema wiki hii."

"Ni sawa. Niko muzima."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwake. Ijumaa alifika akakuta mlango wa kontena umefunguliwa na mtu anamwaga maji ndani. Wafungwa wote walikuwa wamepakiwa kwenye lori.

Ndipo Berthe alipoacha kunyamaza. Aliingia ofisini kwa komanda na sufuria bado kichwani. Akasema yote: wageni, mlango wa nyuma, ufunguo, kuku, mazungumzo ya Kasindi. Alisema kwa pumzi moja, kama mtu anayetupa moto ndani ya nyasi kavu. Alingoja ulipuke.

Komanda alikuwa anakula karanga. Akamwonyesha kiti.

"Kaa, mama. Umemaliza? Bale bageni walipita pa barrière yangu. Ni mimi niliwapa escorte ya askari."

Berthe hakuelewa. Komanda akaendelea kumenya.

"Patron Mathe anatoa kwetu, anatoa kwao. Anafanya commerce. Unafikiri ni nani alitununulia zile kofia?"

"Donc ulijua mutoto yangu hakufanya kitu."

"Nilijua siku ile ile. Bleu ya mama! Tulicheka sana usiku."

"Basi kwa nini mulimukamata?"

Komanda alimtazama kwa mara ya kwanza, hata kwa huruma kidogo. "Batu balikuwa banaangalia, mama. Uwanja muzima. Ulitaka nifanye je?"

"Na patron, alikuja kumuombea?"

"Alikuja, ndiyo. Juu ya malori yake." Akapangusa mikono. "Mutoto wako iko Kamango. Ni soldat sasa, ako kwa mustari wa mbele. Akiwa na akili atarudi na galon ya cheo begani."

Berthe alisimama. Barabara ya Kamango ilikuwa imefungwa kwa mapigano, hata madereva walevi hawakuikubali. Alipofika mlangoni komanda akamwita tena.

"Mama! Nasikia umefukuzwa kule. Sisi hapa tunatafuta mufuaji. Uniforme zinarudi nyingi kutoka mbele, na askari wangu hawajue kutoa damu."

Hadidja alimtukana aliposikia kwamba amekubali. Alimwita mjinga, alimwita mtumwa, mwishowe akalia. Wakubwa wa Beni na wa Butembo walikuja kupatana baadaye, wakakumbatiana uwanjani pale pale, na Mathe akaketi katikati yao jukwaani. Berthe hakwenda kutazama. Siku hiyo magunia yalikuwa yamefika kutoka Kamango.

Kila gunia likifunguliwa, huzitoa nguo moja moja na kuzigeuza kabla ya kuzitia majini. Anatafuta shati lililopasuka mshono wa bega la kulia, kwa maana tangu Maliro aanze kubeba marobota hakuna shati lililomtosha hapo. Mpaka sasa yamekuja mashati yaliyotoboka kwa risasi kifuani, na mengi zaidi yaliyotoboka mgongoni.