Kitabu Chenye Picha ya Ng'ombe

Kama kuna kitu Kristina alichojivunia kuliko shamba lake la ulezi, basi ni mumewe kujua kusoma. Makambako ya mwaka 1956 wenye ng'ombe walikuwepo, wenye baiskeli walikuwepo, hata mwenye saa ya mkononi alikuwepo, ingawa ilikuwa imesimama tangu vita. Lakini mtu wa kusimama kanisani kila Jumapili, akafunua Agano Jipya na kusoma sura nzima bila kukwama, alikuwa mmoja tu. Naye huyo, Yonathani, mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa mume wa Kristina. Wanawake wenzake walilijua hilo vizuri, kwa sababu hakuwapa nafasi ya kulisahau.

Yonathani ndiye aliyewasomea watu barua pia. Vijana wa kule walikuwa wakichukuliwa na malori kwenda kukata mkonge Tanga, na barua zao zikifika, mama zao walizipeleka kwake zikiwa bado zimefungwa. Alizifungua taratibu kwa kisu, akazitazama, akakohoa, kisha akasoma: kwanza salamu nyingi, pili mimi ni mzima, hofu ni kwenu ninyi, kazi ni ngumu ila Mungu yupo, nisalimieni shangazi na wote wanaoniulizia. Mama mtu anafuta machozi, anarudi kwake ameridhika.

Kristina naye alikuwa na za kwake. Mwanawe wa pekee, Elieza, aliondoka na lori la mkonge mwaka 1949, akaandika barua saba katika miaka mitatu, halafu kimya. Zile saba alizitunza ndani ya kopo la chai chini ya kitanda. Maneno yake aliyajua kwa moyo, maana Yonathani alikuwa amemsomea kila moja: kwanza salamu, pili mimi ni mzima, nitakuja mavuno yakiisha. Tangu barua ya mwisho mavuno yalikuwa yamekwisha mara nne. Kila mwaka Kristina alimtengea mwanawe debe la ulezi, na kila mwaka debe lile liliishia kwa kuku.

Basi serikali ikafungua chumba cha kusomea pale Makambako, katika jengo lililokuwa ghala la mahindi. Kutoka bomani Njombe lori lilileta sanduku la mbao lenye kufuli, ndani yake vitabu arobaini, na pamoja na sanduku akaja Mwalimu Filbert, kijana Mkatoliki, jambo lililowatoa povu baadhi ya wazee wa Kilutheri. Kila Alhamisi mchana aliwafundisha watu wazima. Wanawake kumi na wanne walijiandikisha, na wanaume watatu, ambao walikaa nyuma kabisa wakijifanya wamekuja kuota moto.

Yonathani hakupenda.

"Mama Elieza, mimi nipo," alisema. "Wewe usome ili iweje?"

Kristina aliona ni fahari ya mwanamume, na kwa kweli fahari ile ilimfurahisha kidogo. Hata hivyo alikwenda. Mwaka ulipozunguka alikuwa anaweza kusoma ukurasa mzima, kidole kikitangulia na jasho likimtoka puani.

Mwalimu Filbert alikuwa na sheria mbili asizozilegeza. Ya kwanza, kitabu kinachoazimwa lazima kisomwe nyumbani, watu wa nyumbani wakisikiliza. Ya pili, hakirudi sandukuni mpaka aliyekiazima asimame mbele ya wenzake na kueleza kilichomo. Wengi waliiogopa hiyo ya pili kuliko baridi ya mwezi wa sita.

Mwezi huo wa sita Kristina aliazima kitabu chembamba chenye picha ya ng'ombe kwenye jalada. Jina lake lilikuwa limeliwa na panya, akabaki ng'ombe peke yake. Wiki ile walikuwa wakivuna, na mpaka Jumatano jioni alikuwa hajakifunua. Akakaa jikoni akipukuchua mahindi, akamnyoshea mumewe kile kitabu.

"Baba Elieza, nisomee wewe leo, kesho nakirudisha. Mwalimu anataka tukisome pamoja."

Yonathani alikishika, akamtazama ng'ombe, akakohoa. Kisha akasoma, na lo, jinsi alivyosoma! Kitabu kilieleza namna ya kuchagua dume zuri, kifua kipana, miguu mifupi. Kikaonya kuhusu kulisha mifugo majani yenye umande. Palikuwa na habari ya ng'ombe mwenye tabia ya kurusha mateke, na hapo Kristina alicheka mpaka punje zikamwagika. Kurasa zilikuwa zikifunuliwa moja baada ya nyingine, kila moja kwa wakati wake.

Kesho yake alisimama darasani kifua mbele. Aliwaeleza habari ya dume, akawaeleza umande, na ng'ombe wa mateke akamwigiza kwa mguu wake mwenyewe. Wenzake wakacheka. Mwalimu Filbert hakucheka.

"Mama Elieza, umeazima kitabu kipi?"

"Hicho ulichokishika, Mwalimu."

"Umekisoma mwenyewe?"

"Nimesomewa na mume wangu," akasema, kidevu juu.

Mtu mzima mwenye busara angeishia hapo. Lakini Filbert alikuwa kijana, na alidhani mama wa watu amechanganya tu mambo. Akafunua katikati, akampa. "Tusomee hapo juu."

Kristina akaweka kidole. "Ma-zi-wa ya mto-to ya-che-mshwe kwanza." Akafunua ukurasa wa pili. "Vyo-mbo vya mto-to vi-o-shwe kwa maji ya moto." Akafunua wa tatu, wa nne, sasa anafunua kwa haraka, anatafuta dume, anatafuta umande, anatafuta hata mguu mmoja wa yule ng'ombe wa mateke. Hakuna. Kitabu chote kilikuwa cha kulea watoto wachanga, na ng'ombe hakuwemo ila pale juu ya jalada.

Alitamani mtu acheke, angalau mmoja, apate wa kumgombeza. Hakuna aliyecheka. Jirani yake Priska aliinuka kwenye benchi, akajifunga khanga, akatoka bila kuaga. Kila mmoja mle ndani alielewa anakwenda wapi, kwa sababu kila mmoja mle ndani alikuwa na barua nyumbani iliyosomwa na Yonathani.

Njiani Kristina alimtetea mumewe moyoni kwa nguvu zake zote. Moshi ulikuwa mwingi jikoni. Amezeeka, macho yamechoka. Alikuwa anatania. Alipofika kwake alikuwa amekwisha kumsamehe mara tatu, na bado aliingia uvunguni mwa kitanda na kulivuta kopo la chai. Zile barua hakuwahi kuwazia kuzisoma. Za nini, wakati anazijua?

Akaketi mlangoni penye mwanga, akafungua ya kwanza. "Baba na mama, nawasalimu sana. Mimi ni mzima." Akacheka peke yake kwa faraja, karibu aikunje. Lakini jicho likateremka mstari mmoja. "Mguu wangu ulikatwa na panga shambani, nimelala hospitali wiki tano, sasa naweza kutembea."

Mguu? Mguu gani? Miaka saba imepita ndipo mama anaanza kuuhofia mguu wa mwanawe.

Akafungua nyingine, karibu aichane. Elieza ameoa. Ameoa msichana wa huko huko Tanga, Mwislamu, na anaomba radhi ya baba kwa magoti, kwa kuwa baba ni mzee wa kanisa. "Baba, niandikie wewe mwenyewe kwa mkono wako. Ukikubali nitajua, ukikataa nitajua."

Jibu la barua ile Kristina alilikumbuka. Ni yeye aliyemshikilia mumewe jioni ile mpaka akaketi na kuandika. Alisimama nyuma yake akiutazama mkono unavyokwenda, mistari ya wino ikijaa karatasi, akaona ni uzuri mtupu. Ni yeye aliyeipeleka dukani kwa Mhindi, akanakiliwa anwani juu ya bahasha. Sasa akaifungua barua ya nne, na kidole kikawa kizito.

"Baba, nimepokea karatasi yako. Nimeigeuza kila upande. Haina neno hata moja, ni mistari iliyopinda tu. Ungekuwa mtu asiyejua kusoma ningesema hukuelewa. Lakini wewe ndiye unayesomea kanisa zima. Basi nimeelewa kwamba sistahili hata neno."

Kristina alitoa sauti ambayo kuku waliikimbia. Ya tano: mtoto wa kike amezaliwa, wamemwita Kristina. Ya sita: mtoto ameota meno, anafanana na mama. Ya saba ilikuwa fupi. "Nikipata neno moja tu kutoka kwenu, nitakuja. Nisipolipata, sitawasumbua tena."

Miaka minne. Neno moja lilikuwa likisubiriwa kwa miaka minne, na yeye alikuwa akilala juu yake.

Priska alimkuta hapo hapo mlangoni, karatasi mkononi, uso umemvimba kwa hasira na kitu kingine kilichokaribia kuwa kicheko.

"Kamwene, mama," akamsalimu. "Unaikumbuka barua ya dada yangu wa Iwawa? Mumeo alisema dada anaomba maombi. Alikuwa anaomba mbegu za maharage! Nimemwombea miezi mitatu kila asubuhi, mtu anataka maharage!" Halafu akamwona Kristina alivyo, akaona barua zilizotapakaa miguuni pake, akashusha sauti. "Wenzetu wa darasani nimewakuta njiani, tumezungumza. Hatujamwambia mtu. Ukisema tunyamaze, tutanyamaza mpaka kaburini. Mzee wa watu asije akaaibika."

Kristina alimshukuru. Jua lilikuwa limeanza kuinama Yonathani alipotoka shambani, jembe begani. Priska alimpisha bila kumsalimu.

"Baba Elieza," Kristina akasema, akamnyoshea barua ya saba. "Nisomee."

Yonathani aliitambua. Akaifuta mikono yake kwenye suruali, akaishika, akaitazama, akakohoa. "Kwanza salamu nyingi," akaanza. "Pili mimi ni mzima, hofu ni kwenu ninyi. Kazi ni ngumu ila Mungu yupo. Nitakuja mavuno yakiisha."

Kristina alimwacha afike mwisho. Kisha akaichukua karatasi mkononi mwake, akaweka kidole, akaisoma yote kwa sauti, silabi baada ya silabi. Haikuwa ndefu.

Jembe liliteleza begani mwa Yonathani likaanguka, hakuliangalia.

"Neno gani?" akauliza. "Anasubiri neno gani?"

"Mara ya kwanza alitaka neno lako juu ya mke wake. Sasa ana mke na mtoto, na mtoto ana jina langu."

"Elieza ana mtoto?"

Kristina alikuwa ameandaa maneno makali, na alikuwa na haki nayo yote. Lakini aliutazama uso ule, akashtuka kuliko alivyoshtuka darasani. Kumbe alidhani mumewe amemficha habari za mtoto wao. Hakuwa amemficha kitu. Alikuwa hajui.

Yonathani aliketi chini, kwenye vumbi, mzee wa kanisa mzima. Akasema kwamba ujanani, kwenye mafundisho ya ubatizo, alikuwa akisikia sura mara mbili inamkaa kichwani yote. Mchungaji wa wakati ule, Mzungu, alimpa kitabu ashike alipokuwa akisema sura yake, kisha akamsifu mbele ya watu kwamba huyu ndiye msomaji. "Siku ile niliona aibu kumkanusha. Kesho yake aibu ikawa kubwa zaidi. Nikawa naihifadhi kila mwaka, mama, mpaka imetufikisha hapa." Akazitazama zile karatasi chini kama mtu anayetazama chakula cha wengine. "Zipange. Anza na ya kwanza. Mimi pia sijawahi kuzisikia."

Akasomewa zote saba. Kwenye mguu alisema pole, pole mwanangu. Kwenye barua ya nne alifunika uso kwa mikono yote miwili, na Kristina hakuacha kusoma.

Alipomaliza alileta daftari lake la darasani na penseli. "Nitamwandikia aje," akasema. "Hatutaeleza mengine. Wenzangu watanyamaza."

"Akija ataniona mimi ndiye niliyemtumia mistari," Yonathani akasema. "Mwandikie kwamba baba yake hajui kusoma."

"Barua zikifika huko kwenye mkonge husomwa na watu wengi, Baba Elieza. Habari itarudi huku na lori."

"Irudi. Jumapili nitakuwa nimekwisha kuwaambia mimi mwenyewe."

Basi akaandika, ulimi nje, herufi kubwa zikipanda na kushuka: Elieza mwanangu. Baba yako hajui kusoma. Hakujua kamwe. Leo nimemsomea barua zako zote. Njoo na mke wako na Kristina. Mama.

Yonathani aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akaomba penseli. Chini ya maneno ya mkewe akachora mstari mmoja uliopinda, kutoka ukingo hadi ukingo, kama ile mistari aliyoijaza kwenye karatasi mwaka ule.

"Maneno ni yako," akasema. "Lakini huu atautambua."