Aliyepotea Hurudi Siku ya Harusi

Nyumbani kwetu Temeke, jioni ilianza pale mama alipowasha televisheni. Majirani waliingia mmoja mmoja na kanga zao, nywele zinanukia mafuta ya nazi, wakakaa mkekani, na sebule yetu ndogo ikahama. Ilikwenda nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzikanyaga, lakini watu wake wote walizungumza Kiswahili, tena cha kugombana vizuri. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nazi naona ngazi za jumba kubwa na mwanamke anazishuka polepole.

Mama alizijua tamthilia kabla hazijafika. Mtu akikohoa kwenye leso, alisema, "Huyo tushamzika." Mwanamke akivuka barabara huku anacheka, mama alifumba macho kabla gari halijatokea. Alijua msichana wa kazi ataolewa na mtoto wa tajiri, mama mkwe atatia sumu kwenye chai na atakayeinywa ni mwingine. Wenzake walimlalamikia, "Si utuache na sie tuone!" Akacheka. Ila kulikuwa na hadithi moja ambayo hakuitabiri, ingawa ilijirudia kuliko zote: aliyepotea hurudi siku ya harusi. Ikifika hiyo, mama alianza kuokota vikombe.

Baba alikwenda Sauzi, kule Afrika Kusini, kutafuta maisha kabla sijaanza shule. Alikuwa akipiga simu, kisha akapiga mara mojamoja, kisha kimya. Ninachomkumbuka ni kibanda cha video cha mtaa wa pili, mimi nimekaa mapajani mwake, stelingi wa filamu amepigwa risasi, nami nalia hadi watu wanatugeukia. Akaninong'oneza, "Nyamaza, mama. Stelingi hafi." Kweli hakufa. Nilisinzia hapohapo, na nadhani kuna sehemu yangu ambayo bado imelala pale.

Dada yangu alipochumbiwa, alikataa ndoa kufungwa msikitini. Alitaka ifungwe nyumbani, baada ya alasiri, na mlango wa mbele uachwe wazi. Aliwaambia watu ni sababu ya joto. Mimi alinieleza kweli wakati anapakwa hina: alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwa watu wa Sauzi, ukapita simu hii hadi ile, kumtajia baba siku na saa.

"Walii wangu ni baba," alisema. "Ba'mdogo anioze baba yangu yu hai? Utaona. Ataingia pale shehe anapouliza walii yuko wapi."

"Kama kwenye tamthilia?"

"Kwani wewe unadhani wale wanazitoaga wapi?"

Nilimwamini kabisa.

Siku yenyewe tulikaa chumbani na bibi harusi, udi umetanda hadi nyuso za watu zinaonekana kwa mbali. Mlango wa chumba ulitazamana na wa mbele, katikati kuna pazia jepesi tu. Tukamsikia shehe sebuleni, "Walii yuko wapi?"

Wanawake wote mle ndani, walewale wa mkekani kwetu, waligeuza macho mlangoni kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu. Kule mbele palikuwa na jua na viatu vya wageni. Pazia likavimba kama mtu anaingia, likalala tena.

"Nipo," alisema ba'mdogo.

Alipokuja kumwomba dada idhini, dada alichelewa kujibu mpaka nikaogopa. Kisha akasema amekubali, na machozi yakamdondokea kwenye hina. Watu wakayaita ya furaha, wakapiga vigelegele. Mimi nilizichukia hadithi zote siku ile.

Baba alirudi wakati hakuna anayemngoja. Dada alikuwa ameshahamia Kinyerezi kwa mumewe, na mtoto anatambaa. Ilikuwa jioni ya kawaida, hata harusi ya jirani haikuwepo. Mtu akapiga hodi, akasimama mlangoni na begi dogo. Hakuwa na kovu wala mkufu wa kumtambulisha. Nilimjua kwa jinsi alivyovua viatu, anakanyaga kisigino kimoja kwa kidole cha mguu wa pili. Nikasema shikamoo. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumfukuza.

Mama alimtazama kwa muda, halafu akarudisha macho kwenye televisheni.

"Kaa," alisema. "Inakwisha sasa hivi."

Akakaa ukingoni mwa kochi. Tukatazama wote, na majirani, mpaka wimbo wa mwisho. Ndipo akauliza, "Dada mtu yuko wapi?"

"Kaolewa," mama alisema.

"Nani alimwoza?"

"Mdogo wako."

Baba aliinamisha kichwa. Majirani waliondoka bila kuaga. Mama akainuka, nami nikadhani sasa atalia au atamrushia kitu, maana ndivyo inavyokuwaga. Akaenda jikoni kupakua.

Mimi na mama tulikula kwenye sinia moja, kwa mkono, kama siku zote. Baba, mama alimfungulia kabati, akamtolea sahani ya udongo, zile za wageni, akampakulia wali na kumwekea kijiko.