Kura za Kibofu cha Jafari

Mwaka ule wa vyama vingi watu wa Lushoto walinogewa na kura, wakapigia hata kibofu cha Jafari.

Jafari alikuwa dalali wa kabichi na muadhini wa msikiti wa kijijini. Alishamaliza dripu za saratani ya kibofu, zikamwachia kipara na ulimi usioonja chumvi. Uvimbe umesinyaa, daktari wa Moshi akasema, ila kibofu lazima kitoke. Achague: mkojo utokee tumboni uingie kwenye mfuko, au ashonewe kibofu kingine cha utumbo, ajifunze upya kukojoa kwa saa, na huenda kikavuja. Jibu Jumatatu.

Kisu hakikumtisha. Kilichomtisha ni safu ya mbele msikitini, na pua za watu. Sheikh alishamwambia mwenye udhuru wa mkojo usiozuilika hutawadha kila wakati wa sala, na sala yake ni sahihi. Jafari alimshukuru kwa unyonge, maana alikuwa akitafuta kisingizio cha kuukataa mfuko.

Jumapili kaka yake Amiri, aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi na hajapona mpaka leo, akaitisha kikao cha ukoo.

"Mgonjwa hapigi kura," akatangaza. "Ana maslahi."

"Mfuko mimi siutaki," akasema dada yao Saumu. "Utatokeza kwenye kanzu kama mimba. Na harufu je?"

Sharifa, mke wa Jafari, alimimina chai bila neno. Wangekuwa na akili wangeogopa.

Kura zikahesabiwa. Utumbo tatu, mfuko hakuna, mizizi ya mganga wa Magoma tisa.

"Wengi wameamua," Amiri akasema.

"Sawa, shemeji," Sharifa akasema. "Lakini mume wangu unamwonaje leo?"

"Kanenepa kidogo. Dripu zimemkubali."

"Wewe wifi?"

"Kanzu imemjaa vizuri," Saumu akasema.

"Baba Mariamu, hebu simama."

Jafari akasimama, akapandisha kanzu ubavuni. Juu ya suruali, kwa kipande cha khanga, ulikuwa umefungwa mfuko wa nailoni uliojaa maji. Sharifa alimfunga tangu Ijumaa asubuhi.

"Ijumaa nimesujudu nao, kaka, bega kwa bega na wewe," Jafari akasema. "Ukanikanyaga kidole, mfuko hukuuona."

Watu wakaviangalia vikombe vyao.

"Kikao hakijafungwa," Amiri akasema. "Tunaweza kurudia."

"Rudieni," Jafari akasema. "Mimi kesho nakwenda kumjibu daktari."

Wakarudia kweli. Mfuko ukapata kura zote kumi na mbili, na Amiri akapita nyumba kwa nyumba akieleza jinsi alivyomshauri mdogo wake.

Kesho yake Jafari alisimama Mombo akingoja basi la Moshi. Mfuko wa maji alikuwa ameuacha nyumbani, lakini kila mara mkono wake ulikwenda ubavuni, pale ulipokuwa, kuhakikisha hauvuji.