Ukuta wa Udongo wa Kichuguu

Nyumba yetu ya Ipuli, pale mjini, ilikuwa ya matofali mabichi, na mume wangu alitaka ionekane ya saruji. Enzi zile za Ujamaa saruji ilipatikana kwa kibali na subira. Alipoipata, mafundi walipiga lipu kuta za ndani, tukajiona mabwana. Hata masika hayajaisha, mambo yakaharibika. Saruji haishikani na udongo; lipu ya ukumbini ilivimba, ikaporomoka bapa zima, ikaacha ukuta uchi wenye njia za mchwa. Na tulikwishaambiwa kwamba Ijumaa ya wiki ya pili yake watu wa mchumba wa binti yetu wangeleta posa.

Wanawake wa upande ule huposa kwa mdomo, lakini hukagua kwa macho. Binti yangu alilia, akiamini ukuta ule utamkosesha mume.

Nikasema nitakandika mwenyewe. Wifi yangu, dada wa mume wangu, mzaliwa wa mjini, alicheka akasema hayo ni mambo ya shamba, ya kwetu Kaliua. Nikachukua jembe langu. Kwetu msichana asiyejua kukandika hakuwa na cha kujivunia.

Nilichimba udongo wa kichuguu, nikauchekecha, nikauloweka na mchanga na mavi ya ng'ombe mpaka ukanata. Nikabandua saruji iliyobaki na kuulowesha ukuta, maana ukuta mkavu hunyonya maji ya udongo ukapasuka. Nikakandika kwa kiganja, tabaka nyembamba juu ya nyembamba, kisha nikasugua kwa jiwe laini. Chokaa niliikataa, kwa sababu huchafua nguo za wageni. Nilipaka udongo mweupe uliokorogwa na uji wa muhogo ili ushike usitoke. Mume wangu alisema huko ndiko kujitegemea, akaenda zake kunywa kahawa.

Ijumaa shangazi wa mchumba aliketi mkekani, akaegemea ukuta, kisha akageuka kukagua buibui lake. Halikuwa na alama. Akapitisha kiganja ukutani, akauliza ni fundi gani wa mjini aliyetufanyia kazi ile, maana na yeye anamhitaji.

Kabla sijafungua mdomo, wifi alinitangulia.

"Fundi ni huyu hapa, wifi yangu. Katoka Kaliua."

Posa ikakubaliwa. Nilimimina kahawa kwa mikono iliyokuwa bado na udongo kwenye kucha, na sikuificha.